Mwenzake Aliyerudi Peke Yake

Kila tarehe 11 Septemba, kwenye vituo vyote vya jeshi la anga la Ufaransa, askari husimama kumkumbuka kijana aliyekufa akiwa na miaka 22 na ambaye mifupa yake haijulikani ilipo. Jina lake Georges Guynemer. Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha sekondari hapa Kigoma. Vita Kuu ya Kwanza nimeifundisha miaka mingi bila kulitaja jina hilo, maana halimo kwenye muhtasari wala mtihani hauliulizi. Hata hivyo, tangu nimjue, nimemfikiria kuliko majenerali wote ninaowaandika ubaoni. Ushujaa wake haunishughulishi sana. Anayenishughulisha ni mwenzake, yule aliyepaa naye asubuhi akarudi peke yake.

Kwetu vita ile haihitaji ramani ya Ulaya, iko bandarini. Meli ya Liemba ililetwa hapa kutoka Ujerumani ikiwa vipande vipande, ndani ya masanduku 5,000, kwa reli iliyokuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma mwaka 1914. Ikaunganishwa papa hapa na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Waingereza wakawapa Wabelgiji ndege nne za kutua majini, aina ya Short. Wabelgiji wakaziweka ng'ambo, upande wa Kongo, na Juni na Julai 1916 zikawa zinavuka Ziwa Tanganyika kuja kurusha mabomu Kigoma. Tarehe 26 Julai Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, mitambo ikawaka, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Wanafunzi wangu hupenda hapo kwenye grisi. Wanasema Mjerumani aliacha kiporo, akala mwingine.

Siku moja, nikiwa hapo kwenye ndege za Wabelgiji, kijana wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Kwao ni Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma. "Mwalimu, ndege ikidondoka katikati ya ziwa, rubani wanamzika wapi?"

Darasa lilitulia kwa namna ambayo mwalimu wa mahali pengine asingeielewa. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, na nusu ya watoto wale baba zao wanalala humo juu ya maji kila mwezi unapokuwa giza. Nikamjibu kwa kile nilichokuwa nacho: kwamba rubani wa Kibelgiji anayetajwa zaidi katika safari zile, Aimé Behaeghe, hakuanguka ziwani, alikufa kwa maradhi huko Kongo Desemba 1916. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Sawa mwalimu, lakini mimi sikuuliza huyo."

Alikuwa na haki. Usiku ule nikakaa na simu nikisoma habari za marubani waliopotea, na ndipo nikakutana na Guynemer.

Alikuwa kijana mwembamba wa kutia shaka. Jeshi lilimkataa zaidi ya mara moja kwa sababu ya afya, akaingilia mlango wa mafundi: Novemba 1914 alianza kujifunza ufundi wa ndege kambi ya Pau, na mwaka 1915 akawa rubani. Tarehe 19 Julai mwaka huo akaangusha ndege yake ya kwanza, na miaka miwili baadaye hesabu yake ilikuwa imefika 53. Hakuna Mfaransa mwingine aliyekuwa amemfikia. Yeye mwenyewe alikuwa ameangushwa mara saba akatoka hai, na hapo tukumbuke kwamba marubani wa ndege za kivita wa Ufaransa na Uingereza hawakupewa miavuli ya kurukia. Ndege ikishika moto juu, unaungua nayo au unajitupa. Kikosi chake kilichora ubavuni mwa ndege zake korongo, ndege mweupe mwenye miguu mirefu, yule yule ambaye baridi ya Ulaya ikianza hushuka mpaka huku kwetu Afrika Mashariki kutafuta panzi.

Kuna jambo moja katika utaratibu wa Wafaransa ambalo lilinishika nikalisoma upya. Rubani akirudi na kusema ameangusha adui, hakuhesabiwa kwa kauli yake. Ilibidi apatikane mwingine aliyeona: askari waliokuwa kwenye mahandaki, watu wa puto la upelelezi, rubani wa ndege nyingine. Ndege nyingi alizoangusha ndani kabisa ya eneo la adui, mahali pasipo na macho ya upande wake, hazikuingia kwenye hesabu. Kwa hiyo zile 53 kila moja ina shahidi wake.

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 1917, baada ya ukungu kupungua, Guynemer alipaa kutoka uwanja wa Saint-Pol-sur-Mer, karibu na Dunkirk, akiendesha SPAD XIII. Alikuwa pamoja na luteni Benjamin Bozon-Verduraz kwenye ndege nyingine. Wakaelekea Ubelgiji, ambako vita ya tatu ya Ypres ilikuwa inaendelea chini yao. Juu ya Poelkapelle wakaiona ndege ya Kijerumani ya watu wawili, iko peke yake. Guynemer akaiendea. Mwenzake naye akashuka, akapiga, akapitiliza. Alipopanda tena akaona mbele kundi la ndege nane za Wajerumani zinakuja. Akageuka kuzivuta kwake zisimvamie mkuu wake akiwa kazini, na zilipomwacha akarudi pale pale walipoachana.

Hakukuta kitu. Hakukuwa na ndege ya Kijerumani, hakukuwa na SPAD, hakukuwa na moshi. Akazunguka, akatazama chini, akatazama juu, na mafuta yalipokaribia kwisha akarudi uwanjani.

Hapo nikaiweka simu chini, maana maneno hayo nilikuwa nimeyasikia zamani, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu aliyekaa kwenye mkeka uani kwa mama yangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mtu wa taa Katonga, mwalo mwingine wa hapa Kigoma. Wasiolijua ziwa hili niwaeleze kidogo. Dagaa wetu huvuliwa usiku, kwa mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali watu hukaa nchi kavu kushona nyavu, na mwezi ukifa ziwa linawaka taa mpaka mgeni anadhani ng'ambo ile kuna mji. Siku hizi taa ni za sola, lakini miaka ile, mwanzoni mwa 2000, ilikuwa karabai. Mtumbwi wa taa ni mdogo, na anayekaa humo ni mtu mmoja. Kazi yake ni kuilinda ile karabai isizimike wakati dagaa wanajikusanya chini yake na wenye wavu wanasubiri. Ni kazi ya upweke. Mtu wa taa hana wa kuzungumza naye isipokuwa taa ya jirani.

Jirani wa kaka, usiku karibu wote, alikuwa mtu mmoja waliyekua naye mtaa mmoja Ujiji, wakaingia ziwani msimu mmoja. Walikuwa na mazoea: mmoja akiinua taa yake juu, mwingine naye anainua, basi, wanajuana wapo.

Ilikuwa Agosti, wakati wa kusi. Jioni upepo ulikuwa umelala, ndiyo maana watu waliingia. Usiku wa manane ukaamka. Mitumbwi ya wavu ikaanza kupigiana miluzi irudi, na za taa zikaanza kusogezana. Mimi nilikuwa chuoni Tabora, habari ikanikuta huko. Nikapanda treni, nikafika nyumbani kumejaa watu. Wanawake walikuwa wamekaa kimya, hawajui walie au wasubiri, kwa sababu bila maiti hata kilio hakina saa ya kuanzia. Turubai la jirani wa nyumbani lilikuwa limeletwa likawekwa ukutani, limekunjwa, hakuna aliyethubutu kulifunga.

Yule mwenzake alikuwa pale uani, nguo zile zile za ziwani. Nikakaa mbele yake akanieleza kama alivyokuwa ameshamweleza mama.

"Taa yake niliiona. Yangu ilikuwa inafifia, nikainama kuipiga pampu. Nilipoinuka sikuiona tena."

Anayeijua karabai anajua maneno hayo yana uzito gani. Ukiinama kuipiga pampu, mwanga ule uko usoni kwako. Ukiinua kichwa huoni kitu kwa muda, giza lote linakuwa na alama nyeupe mbele ya macho. Katika huo muda wa kupepesa macho mpaka yazoee ndimo kaka yangu alimopotelea. Mwenzake akapiga kasia kuelekea pale alipodhani taa ilikuwa, akaita, upepo ukawa unamrudishia sauti yake mwenyewe. Akazunguka mpaka mafuta ya taa yakaisha, akaendelea gizani mpaka kukapambazuka.

Watu hawakuridhika. Walimwuliza alisikia kelele? Akasema hakusikia. Mtumbwi ulipinduka? Akasema hakuona. Basi unadhani ilikuwaje? Akasema, "Mimi nimesema nilichokiona." Baba mdogo alikasirika. Alisema mtu gani amekaa na rafiki yake miaka yote halafu hana la kusema, lazima kuna anachokificha. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakataja deni, wakataja mambo ya gizani ambayo sitayaandika. Akawa anakuja kila siku, anakaa kwenye mkeka ule, na kila anayemwuliza anapewa maneno yale yale, hayaongezeki wala hayapungui. Mimi nilikuwa namtazama. Nilikuwa kijana, nami nilitamani aongeze japo neno moja, japo la uongo, tupate cha kushika.

Waliokuja na maneno mengi ni wale ambao hawakuwepo.

Mchuuzi mmoja alisema amemwona Uvira sokoni. Mwingine akasema yuko Kalemie, ameoa, anafanya kazi kwenye gereji. Mwingine aliona mtu mwenye kovu kama lake kwenye boti la mizigo. Baba mdogo alizipokea habari hizo zote kwa mikono miwili. Mama akauza vitenge vyake kumpa mtu nauli ya kwenda kutazama, na yule mtu akarudi akisema amekosana naye kwa siku moja tu. Ikawa nauli ya pili. Siwalaumu wote, kuna waliosema kwa huruma. Lakini huruma ya namna hiyo ilimla mama nyama mpaka akabaki mifupa.

Kisha likaja dumu. Wiki kadhaa baadaye abiria wa boti kutoka Kagunga, kule mpakani na Burundi, alishuka Kibirizi akiwa na dumu la njano la lita tano lililookotwa ufukweni. Ubavuni lilikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: herufi ya kwanza ya jina la kaka na mstari chini yake. Alichoma alama ile mwenyewe, nyuma ya jiko la mama, kwa sababu dumu zilikuwa zinaibwa Katonga. Mama akalifungua, akanusa. Ndani mlikuwa na mafuta ya taa, yamefika nusu, hayajaingia hata tone la maji. Kusi lilikuwa limelibeba kaskazini likiwa limefungwa vizuri kabisa. Kaka alikuwa mtu wa kukaza vifuniko.

Baba mdogo akasema dumu si mtu. Kweli, dumu si mtu.

Turudi kwa Wafaransa, kwa sababu na wao walifanya kama sisi, tena kwa ukubwa wa taifa. Rubani wao mkubwa hayupo, na hakuna aliyeona. Wajerumani wakatangaza kwamba aliyemwangusha ni luteni Kurt Wissemann. Wakasema askari wao walifika kwenye mabaki ya ndege wakamkuta amekufa kwa risasi ya kichwa, lakini mizinga ya Waingereza ikalifukua na kulifukia eneo lile kabla hawajamzika. Baadaye Waingereza walipoisogelea Poelkapelle hawakukuta ndege wala maiti, matope tu. Na Wissemann, mtu pekee ambaye angeweza kuulizwa ilikuwaje angani, alikuwa ameshauawa naye vitani tarehe 28 Septemba, siku 17 baada ya Guynemer.

Basi taarifa ikawa ya adui, na adui haaminiki. Pengo likajazwa kwa kitu kitamu zaidi. Watoto wa shule wa Ufaransa wakaambiwa kwamba Guynemer ameruka juu sana, juu mno, hata akashindwa kushuka.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mtoto wa kaka. Alikuwa mdogo baba yake alipopotea, na baba mdogo ndiye aliyemwambia: baba yuko Kongo, anatafuta pesa, atakuja na kitanda cha chuma na redio. Alipojua kuandika aliandika barua, akampa kuli wa Kibirizi aipeleke kwenye boti. Kuli akaipokea, kwa sababu nani angemkatalia mtoto? Akaandika nyingine. Ikafika mahali mtoto yule, kila boti la kutoka Kongo likitia nanga, anakimbia gatini akiwa na sare za shule, anatazama wanaume wanaoshuka mmoja mmoja.

Ndiyo maana hadithi ile ya Kifaransa, ambayo wengi huisimulia kama kitu kizuri, mimi hainipendezi hata kidogo. Najua kwa nini walimu wale waliisema. Mimi ni mwalimu, najua ugumu wa kusimama mbele ya watoto arobaini wenye macho makavu yanayokungoja. Lakini aliyeruka juu mno anaweza kushuka siku yoyote, na mtoto atakuwa anatazama juu. Guynemer alikuwa na baba, Paul, ofisa mstaafu wa jeshi, na mama, na dada zake, nyumbani Compiègne. Sidhani kama hadithi ile iliwafaa. Iliwafaa wale ambao jioni walikuwa wanarudi kwao kula.

Kwa upande wa Bozon-Verduraz, aliendelea kuruka na kupigana mpaka vita ikaisha. Hilo huwa linapitwa haraka na waandishi, kwa sababu yeye katika habari hii ni mtu wa pembeni. Mimi naona ndiye aliyebeba mzigo mkubwa. Aliachiwa kueleza kwa nini hakuona, wakati kutokuona kwake kulitokana na kwamba alikwenda kuwavuta maadui nane kwake. Angeweza kutunga. Angani kulikuwa na watu wawili tu wa upande wake, na mmoja hayupo, nani angembishia? Angesema alimwona akishuka ameinua mkono wa kuaga, na leo maneno hayo yangekuwa yamechongwa kwenye jiwe. Akasema alirudi akakuta hakuna kitu.

Jiwe lenyewe lipo. Pale Poelkapelle kuna nguzo ya ukumbusho iliyosimamishwa mwaka 1923, na juu yake kuna korongo. Jina la Guynemer limeandikwa pia ndani ya Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa. Nilipowaeleza wanafunzi, nilitaka kwanza wajue kitu kimoja cha kuchekesha kuhusu siku ile aliyopotea: Poelkapelle, mji wa Ubelgiji, ulikuwa chini ya Wajerumani, na Kigoma, mji uliokuwa wa Wajerumani, ulikuwa chini ya Wabelgiji, waliokaa hapa mpaka 1921. Watu walikuwa wamebadilishana nyumba za wenyewe bila kuwauliza wenyewe.

Msichana mmoja akauliza kama na sisi tuna nguzo. Nikamwambia ipo ya Dar es Salaam, ile sanamu ya askari ya mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja pia wachukuzi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Akauliza majina yao yako wapi.

Hilo swali halikunipa shida kujibu, na jibu lake ni baya. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na majeshi yote ya vita ile huku kwetu, ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, yalitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Walikufa kwa kuhara, kwa njaa, kwa baridi ya milimani, wakaachwa kando ya njia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakitumikia Dola ya Uingereza, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi. Guynemer hana kaburi, lakini anajulikana aina ya ndege yake, anajulikana alipaa wapi, na anajulikana aliyekuwa naye. Mpagazi wa Unyamwezi aliyelala kando ya njia naye alikuwa na mwenzake nyuma yake, mwenye mzigo wake kichwani, aliyemwona akianguka. Yule mwenzake hakuna aliyemwuliza. Hapo nilipandisha sauti darasani, jambo ambalo si kawaida yangu, na kengele ya kutoka ikapigwa hakuna aliyeinuka.

Kwetu ilikuwa bahati kwamba wetu aliulizwa tena.

Miaka ilipita. Kaka alikuwa na kiwanja eneo la Mwanga, na baba mdogo alikuwa ameshaanza kukizungumzia kama kitu chake, akikilinda, anasema, mpaka mwenyewe arudi kutoka Kongo. Shemeji yangu alikuwa si mjane wala si mke. Tukaenda kwa sheikh. Alitusikiliza, akatuambia aliyepotea ana hukumu yake katika dini, mtu haharakishwi kuzikwa kwa mdomo na wala mkewe hafungwi milele. Akauliza jambo moja tu: nani alikuwa naye mara ya mwisho, na alisema nini siku ile? Sheria ya ndoa ya nchi nayo, ile ya 1971, inasema mtu asiposikika kwa miaka mitano na wale ambao wangepaswa kumsikia, huchukuliwa amekufa mpaka ithibitike vinginevyo. Tukafungua shauri la mirathi mahakama ya mwanzo.

Baba mdogo alileta mashahidi wake. Wa Uvira alisema alimwona kwa mbali. Hakimu akamwuliza amevaa nini, akasema shati la bluu. Mwingine akasema alikuwa mnene kuliko zamani. Mzee wa baraza mmoja, mvuvi mstaafu, akawa anawatazama kwa upande.

Kisha akaitwa yule mwenzake. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Akaapa, akasimama wima, mikono nyuma. Hakimu akamwambia aeleze. Akasema alichokuwa amesema kwenye mkeka: aliiona taa, yake ilififia, akainama kuipiga pampu, alipoinuka hakuiona tena.

"Ulimwona akizama?"

"Sikumwona."

"Sasa unajuaje amekufa?"

"Sijui, mheshimiwa. Najua nilitafuta mpaka asubuhi."

Yule mzee wa baraza akaomba kuuliza. Akataka kujua upepo ulikuwa wa upande gani na mtumbwi wa kaka ulikuwa mbele yake au nyuma yake kwa upepo huo. Akajibiwa. Akaomba lile dumu, tulikuwa nalo, mama alikuwa amelifunga kwenye kanga. Akaligeuza, akatazama alama, akauliza liliokotwa wapi, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayepiga hesabu ya maji. Hakuuliza kitu kingine.

Uamuzi ulisomwa siku nyingine. Ukasema kaka amekufa, ukasema aliyesadikika ni shahidi ambaye hakudai kuona asichokiona. Shemeji akaanza eda yake hapo, miezi minne na siku kumi, mtaa mzima ukashangaa anavaa nguo za msiba wa zamani. Ijumaa iliyofuata msikiti ukamsalia kaka sala ya ghaibu, na lile turubai, la jirani yule yule, likafungwa.

Mtoto wa kaka, sasa msichana mkubwa, alikuwa amekaa mahakamani benchi la nyuma siku ile ya ushahidi. Alimsubiri yule mwenzake wa baba yake mlangoni, pamoja na mama yangu. Nilidhani mama atalia. Akamwuliza swali ambalo hakimu hakuliuliza: usiku ule, kabla hawajaingia ziwani, walikula nini?

"Ugali wa muhogo na mgebuka, Mama. Tulikula wote sinia moja. Akalalamika chumvi imezidi."

"Imezidi?" Mama akamgeukia shemeji. "Si nilikwambia wewe mkono wako wa chumvi mzito!"

Shemeji akasema siku ile hakupika yeye, alipika mama mwenyewe. Mama akakataa. Wakaanza kubishana pale pale kwenye ngazi, ni nani alipika, Agosti ile, jioni ile, na mgebuka ulinunuliwa kwa nani, na yule msichana akawa anawauliza maswali huku na huku, anataka kila kitu: alikula vipande vingapi, alikaa upande gani, alicheka? Karani akatoka akatuambia tusogee mbali na mlango, shauri jingine limeanza.